Asiyesikia la Benki Kuu

"Anti, hii kitu inaweza kuanguka. Usiweke pesa ambayo ukiikosa utalala njaa."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia shangazi yangu mwaka wa 2022, tumeketi nje ya jiko lake hapa Nuu, yeye anapeta ndengu, mimi nimeshika simu yake. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha nikaendelea kumwonyesha mahali pa kubonyeza.

Aliweka elfu ishirini. Zilikuwa pesa za mbuzi aliouza mapema kabla ukame haujawamaliza, manake mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu na mbuzi aliyekonda hana bei. Zilikuwa zimpeleke binti yake kidato cha kwanza. Programu yenyewe ilikuwa ya kripto, ama ndivyo ilivyojiita. Unanunua USDT, ile sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, kutoka kwa mtu unayemlipa kwa M-Pesa. Unaiweka kwenye akaunti. Kila asubuhi unafungua simu unakuta imezaa.

Kwa wiki tano ilizaa kweli. Wiki ya sita kutoa pesa kukakwama. Wakasema wanarekebisha mitambo. Halafu wakasema ukitaka akaunti ifunguliwe, lipa kwanza asilimia 10 ya salio, ati ni kodi. Halafu kundi la WhatsApp likafungwa, na namba ya aliyeliendesha haikupatikana tena.

Shangazi hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa tunaenda kwa nani?"

Na mimi, badala ya kumjibu, nikasema, "Lakini anti, si nilikuonya."

Nimeishi na hiyo sentensi tangu siku hiyo. Kila Benki Kuu ya Kenya inapotoa tangazo kuhusu kripto naisikia tena, manake ni sentensi ileile ambayo nchi hii imetuambia kwa miaka kumi: mlionywa. Kwa hivyo swali langu leo ni moja. Ukishamwonya mtu, umemaliza? Onyo linakupunguzia wajibu kiasi gani?

*

Tuanze na kumbukumbu, kwa sababu tunasahau haraka.

Desemba 2015, Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma, kwa Kiingereza, kwamba Bitcoin na sarafu za aina hiyo si pesa halali nchini. Thamani yake hupanda na kushuka ovyo, hazisimamiwi na yeyote, na ukipoteza hakuna atakayekulinda. Mwaka wa 2018 ikawakumbusha mabenki yasijihusishe nazo. Gavana wa wakati huo, Patrick Njoroge, alikaa kwenye kiti hicho kuanzia 2015 hadi 2023, na msimamo wake haukuyumba.

Februari 2022 benki ikatoa karatasi ya kuuliza wananchi kama tunahitaji shilingi ya kidijitali itakayotolewa na benki yenyewe. Juni 2023 ikasema hilo si jambo la dharura. Mwezi huohuo gavana mpya, Kamau Thugge, akaingia. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Fedha iliyoweka kodi ya asilimia 3 kwa kila mali ya kidijitali inayouzwa au kubadilishwa, kuanzia Septemba 1. Julai 2025 kodi hiyo ikafutwa, na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 10 kwa ada wanazotoza wenye majukwaa. Oktoba 2025 Rais akatia sahihi sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, nayo ikaanza kazi Novemba 4. Sasa Benki Kuu, ile iliyotuambia tukae mbali, ndiyo itakayotoa leseni, pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kutoka "kaeni mbali" hadi "chukueni leseni" ni miaka kumi.

Wacha niseme mapema kwamba mimi simlaumu mtu kwa kubadili mawazo. Mzee anayekataa kubadili mawazo hata mambo yakibadilika hana hekima, ana shingo ngumu tu. Tena mimi mwenyewe hulipwa kwa USDT. Kuna mteja wangu aliye mbali ambaye kunitumia dola kwa njia ya benki kungekula robo ya malipo. Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, aliyekuwa na USDT hakuumia kama aliyekuwa na shilingi. Kripto si utapeli wote. Kwa hivyo shida yangu si kwamba Mkuu amebadili neno. Shida yangu ni kile alichofanya, na alichokosa kufanya, kati ya neno la kwanza na la pili.

*

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumekuzwa na methali hiyo, na naona ndiyo falsafa yote ya tangazo la 2015. Mkuu amesema. Ukivunjika, guu ni lako.

Lakini methali yenyewe inaishia mapema. Inatuambia guu litavunjika, haituambii nani atambeba aliyevunjika. Nyumbani hatukuhitaji kuambiwa. Nikiwa na miaka tisa, babu alinikataza kupanda mwembe fulani, nikaupanda, nikaanguka, mkono ukavunjika. Babu huyohuyo ndiye aliyenibeba hadi zahanati, akinifokea njia nzima. Kunifokea kulikuwa haki yake. Kunibeba kulikuwa wajibu wake. Sidhani ilimpitia akilini kwamba kwa kuwa alinikataza, basi sasa nijibebe.

Methali ilitungwa na watu walioishi na wakuu wa namna hiyo. Neno la mkuu lilikuwa na uzito kwa sababu mkuu mwenyewe alikuwa hapo kabla ya kosa na baada ya kosa. Ukichukua neno lake ukaacha mgongo wake, unabaki na mtu anayekutazama ukianguka huku akisema, "Si nilisema?"

*

Kuna upande wa pili wa hoja hii, na una nguvu. Kabla sijaacha chuo kikuu nilikaa kwenye darasa moja la falsafa ambako tulimsoma Mwingereza John Stuart Mill. Katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uhuru, Mill anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hakuna muda wa kumwonya, mshike umrudishe, hujamnyima uhuru, kwa sababu hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama kuanguka si hakika, ni hatari tu, basi mwonye, halafu umwachie aamue. Yeye ni mtu mzima. Kumzuia ni kumfanya mtoto.

Nilipenda mfano huo, na bado naupenda. Ukitazama, ndicho hasa Benki Kuu ilifanya. Haikumkamata mtu kwa kuwa na Bitcoin. Jirani zetu walijaribu njia ya kukataza: Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku Novemba 2019, na Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka benki hiyohiyo ianze kujiandaa kwa sarafu hizo. Kwa hivyo unaweza kusema Kenya ilituheshimu. Ilituambia hatari, ikatuachia uamuzi.

Ila mimi ni mtu wa Nuu, na nikisikia habari za kuvuka siwezi kufikiria daraja la Mill. Nafikiria mto Enziu.

Desemba 4, 2021, basi lililokuwa likileta watu harusini hapa Nuu kutoka Mwingi lilijaribu kuvuka Enziu ukiwa umefurika, likasombwa. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao wanakwaya. Sitaki kulinganisha pesa na roho za watu, hazilingani. Nataka tu kukumbuka tulivyozungumza baadaye. Wengine walisema dereva angengoja maji yapungue. Ni kweli. Wengine wakauliza kwa nini barabara ambayo watu wanaitegemea kwenda sokoni, hospitalini na harusini haikuwa na daraja la kupita juu ya maji hayo. Hiyo nayo ni kweli. Tulibishana siku nyingi kana kwamba ni lazima moja lishinde, na halikushinda, kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja.

Hapo ndipo mfano wa Mill unaniponyoka. Mill anamchukulia aliyeonywa kama mtu mwenye pa kurudi. Asipovuka, anageuka anaenda nyumbani, maisha yanaendelea. Lakini kuna watu ambao kutovuka nako ni kupoteza. Shangazi yangu angefanya nini na elfu ishirini? Chama chake cha akina mama kingemfikia zamu baada ya miezi saba. Benki iko Mwingi, nauli ni pesa, na riba ya akiba ndogo haionekani kwa macho. Ndengu bei anapanga dalali. Mbuzi walikuwa wanakufa. Na shule inafungua Januari, haingoji mvua.

Mtu akisema "ni tamaa" mimi huwa namwuliza: tamaa ya nini? Tamaa mbele, mauti nyuma, naijua. Lakini kutaka mtoto aingie shule siku ya kwanza na sanduku lake si tamaa. Nikubali kwamba kwangu mimi kulikuwa na tamaa. Kwake sikuiona.

Onyo bila daraja linamwachia mwenye haja nafasi ndogo sana ya kulitii. Linamfaa zaidi anayelitoa kuliko anayelisikia.

*

Utaniambia Benki Kuu ingefanya nini? Hakuna anayeweza kusimamia Bitcoin, haina mwenyewe. Sawa. Lakini tumeshawahi kuvuka mto wa namna hii, na tunajua daraja hujengwa vipi.

Machi 2007 M-Pesa ilipoanza, hakukuwa na sheria ya kutuma pesa kwa simu. Sheria ya mfumo wa malipo ya taifa ilikuja 2011, kanuni zake 2014. Benki Kuu ingeweza kusema: hii si benki, kaeni mbali, mkipoteza shauri yenu. Badala yake ilitoa barua ya kutopinga na kuendelea kutazama kwa karibu, na pesa za wateja zikawekwa kwenye akaunti ya amana benkini, mbali na pesa za kampuni. Mwishoni mwa 2008 kaimu waziri wa fedha wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ukaguzi. Ukafanyika, na huduma ikaendelea. Hakuna aliyejua mambo yangeishia wapi. Mkuu aliingia majini na sisi, fimbo mkononi, akipima kina.

Bitcoin haina mwenyewe, lakini milango ya kuingilia ina wenyewe. Kampuni ya BitPesa ilianzishwa Nairobi mwaka wa 2013, ilikuwa na ofisi, ilikuwa na watu wa kuitwa wakajieleza. Safaricom ilipowakatia njia ya M-Pesa, wakaenda mahakamani, na Desemba 2015, mwezi uleule wa onyo, Mahakama Kuu ikakataa kuamuru warudishiwe huduma. Sheria ilikuwa na sababu zake, hawakuwa na idhini ya Benki Kuu. Lakini tazama matokeo. Mwenye ofisi na jina mlangoni ndiye aliyefungiwa. Wasio na ofisi wala jina wakaja kwa WhatsApp, na hakuna tangazo lililowazuia.

Ama tuchukue mfano mwingine, wa Njoroge huyohuyo. Juni 1, 2019, kwenye sherehe za Madaraka kule Narok, alitangaza kwamba noti ya zamani ya 1,000 ingekufa Oktoba 1. Hilo nalo lilikuwa onyo. Lakini lilikuwa na tarehe, lilikuwa na mahali pa kwenda, na lilitufikia. Chifu alilisema barazani, kwa Kikamba. Susu yangu alikuwa na noti kumi na moja kwenye mkebe wa chai, akapanda gari mpaka Mwingi, akarudi na noti mpya na malalamiko kuhusu foleni. Noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudi, za thamani ya shilingi bilioni 7.4, lakini hakuna mwenye noti hizo anayeweza kusema hakuonyeshwa mlango.

Sasa weka maonyo hayo mawili pamoja. La 2019 lilisema: kitu hiki kitakufa siku fulani, nenda mahali fulani, utabadilishiwa. La 2015 lilisema: kitu hiki kinaweza kukuumiza, na kikikuumiza usije kwetu. La kwanza ni onyo la kukulinda wewe. La pili, nikilisoma leo, naona linamlinda aliyeliandika.

*

Kuna kitu sijakwambia kuhusu siku ile nje ya jiko.

Shangazi aliingia kwenye programu kupitia linki yangu. Kila uliyemleta alikuletea asilimia 10 ya alichoweka. Kwa hivyo jioni ileile, baada ya kumwonya kwa sentensi zangu mbili, nilipata elfu mbili. Niliitoa kabla mambo hayajakwama. Nilinunua bando na viatu.

Ndiyo maana siwezi kuitazama kodi ya 2023 nikiwa nimekunja mikono kama jaji. Naijua hiyo kodi kutoka ndani. Fikiria ilivyokuwa. Benki Kuu haijaondoa neno lake: hii si pesa, hatuisimamii, ukipoteza hatukujui. Wakati huohuo serikali inasema kila ukiiuza au kuibadilisha, asilimia 3 ni yetu. Na si asilimia 3 ya faida. Ni ya thamani yote inayobadilishwa, iwe umepata au umepoteza. Ukinunua kwa elfu kumi ukauza kwa elfu sita, bado kuna shilingi 180 za serikali ndani ya hasara yako.

Mtu atanisahihisha, na ni haki: Benki Kuu haitozi kodi. Bunge hupitisha, KRA hukusanya, na benki ni chombo huru chenye kazi yake. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini mimi pia ningeweza kujigawa hivyo. Mdomo uliomwonya shangazi ulikuwa wangu, na mfuko uliopokea elfu mbili ulikuwa wangu, ila ni viungo tofauti. Shangazi haoni viungo, anaona mtu mmoja. Na mwananchi haoni idara, anaona serikali.

Jibu ninaloweza kulitetea ni hili. Anayeonya na kukaa kando kabisa ana haki ya kusema "nilikuonya", hata kama ni haki baridi. Anayeonya kisha akatembea nawe, kama babu, ana haki hiyo na zaidi. Lakini anayeonya na kuchukua sehemu yake ameipoteza. Ukishapokea, hatari si ya mwenzako peke yake, mko wawili. Huwezi kuwa mgeni kwenye hasara na mwenyeji kwenye mapato. Unayesimama kwenye kivuko kibovu na kukusanya nauli ya kila anayepita huwezi kumwambia anayezama kwamba uliweka kibao.

Tena tusidanganyane kwamba serikali haina mikono. Julai 2023 Worldcoin ilipoanza kupiga picha za macho ya watu kwa ahadi ya tokeni za kama shilingi elfu saba, foleni zilijaa KICC. Ndani ya siku kumi hivi Wizara ya Usalama wa Ndani ikasimamisha. Unaweza kupenda hatua ile au usiipende. Lakini ilionyesha kwamba "hatuna uwezo" si sababu ya kila siku. Wakati mwingine ni uamuzi.

*

Wenye mashaka na hoja yangu wana swali zuri: serikali ikimbeba kila aliyeanguka, si kila mtu atapanda mwembe? Si tutacheza kamari tukijua kuna wa kutulipia?

Sidai tulipwe. Hata babu hakuninunulia mkono mwingine. Alinibeba, akakaa nami, akaniuliza iliniuma wapi. Kubeba kuna viwango, na kati ya "nitakulipa yote" na "shauri yako" kuna nafasi kubwa ambayo kwa miaka kumi haikutumika. Kulikuwa na nafasi ya ofisi ya kupokea malalamiko, yenye mtu anayejibu. Kulikuwa na nafasi ya kuchapisha majina ya programu za kitapeli kabla hazijafika vijijini. Kulikuwa na nafasi ya kusema onyo kwa Kiswahili na kwa Kikamba, barazani, kama walivyofanya na noti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfanya mtu acheze kamari.

Sheria mpya inafanya baadhi ya haya. Inataka anayeendesha biashara hizi awe na leseni, na mali za wateja zitenganishwe na za kampuni, yaani fikra ileile ya akaunti ya amana ya M-Pesa, imechelewa lakini imekuja. Nafurahi. Lakini siwezi kujifanya kwamba kilichomgeuza Mkuu ni vilio vyetu. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia utakatishaji wa pesa, na kusimamia kripto ni moja ya mambo ambayo nchi hutakiwa kuonyesha. Daraja limejengwa kwa sababu wageni waliuliza, na kwa sababu kuna ushuru wa kukusanya juu yake. Si vibaya. Daraja ni daraja. Ila waliovuka kabla halijakuwepo hawatajwi popote, wala kwa neno la pole.

Na neno la pole halina gharama. Kubadili msimamo bila kusema "tulikuwa na pengo, na kuna walioangukia humo" kunawaacha watu hao wakiwa wajinga rasmi. Walionywa, hawakusikia, basi. Huo ndio uzito wa kukiri. Haumrudishii mtu pesa, lakini unamwondolea aibu ambayo haikuwa yake peke yake.

*

Ile elfu mbili nilimrudishia shangazi kwanza, kivyake, nikamweleza ilitoka wapi. Sikuwahi kuogopa mazungumzo kama yale. Alizikunja zile noti, akazifunga kwenye pindo la leso, akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hivyo siku ile ulikuwa unaniuzia."

Nikasema, "Ndio, anti."

Nilikuwa nimepanga kumrudishia zote, elfu moja moja kila mwezi. Alikataa. Alisema, "Mimi pia nilikuwa na macho. Mimi ndiye nilibonyeza." Tukakubaliana nusu. Elfu kumi zake, elfu kumi zangu, ile elfu mbili ikihesabiwa ndani. Hakuna sheria wala mwanafalsafa aliyetupa hesabu hiyo. Aliipata mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kigoda, na mpaka leo sijapata hesabu iliyo bora. Binti yake alichelewa muhula mmoja kuingia kidato cha kwanza. Huo muhula siwezi kuulipa.

Mwisho wa mwaka jana alisikia kwenye redio kwamba kripto sasa imekubaliwa. Akaniita. "Ni kweli imekuwa halali?"

Nikamwambia sheria imepita, lakini wenye kuiendesha bado wanatakiwa kuomba leseni, na kwamba Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wametangaza bado hakuna aliyepewa. Nikamwambia mtu yeyote akija na programu akisema ana leseni, anipigie kwanza. Nikamwandikia majina ya ofisi hizo mbili nyuma ya daftari la chama, ndiyo kwa mara ya kwanza nikawa na jibu la lile swali lake la 2022.

Aliyasoma polepole. Akauliza, "Hawa wako Mwingi?"

"Hapana, anti. Wako Nairobi."

Akafunga daftari, akarudi kwa ndengu zake.